Kumtoa Bwana Harusi: Usiku wa Mwisho wa Ukapera Katika Mji wa Kale

Katika familia za wenyeji wa zamani wa Mombasa, aliyehama siku ya harusi alikuwa mwanamume. Binti alibaki kwao. Alitengenezewa chumba katika nyumba ya babake, akapambwa humo humo, na mume ndiye aliyemuaga mamake, akakata mitaa usiku huku watu wakimtazama, akaenda kuingia nyumba ya wakwe. Ukilishika jambo hili utaelewa kwa nini mji huu ulijishughulisha sana na siku za mwisho za kapera. Kijana alikuwa na safari mbele yake, fupi kwa miguu lakini nzito, na hakuachwa aende peke yake.

Siku hizi rafiki anayeoa huandaliwa wikendi. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina huteuliwa, michango huingia kwa M-Pesa, na waalikwa wa Nairobi hukatiwa tiketi za Madaraka Express, treni ambayo tangu 2017 huwafikisha Miritini kwa muda wa saa tano hivi. Wakishafika, wengi huvuka kwenda Nyali au hushuka Diani. Kisiwa chenyewe huwa cha kupitia: picha mbele ya Ngome ya Yesu, biriani ya mchana, kikombe cha kahawa kwa muuzaji wa mabuli ya shaba, kisha gari linawashwa. Wanaoandaa mambo haya huyachukulia kuwa ni desturi iliyotoka ng'ambo. Kumbe kwenye vichochoro walivyopita dakika chache, vijana wa Mombasa walikuwa wakimwandalia mwenzao shughuli ya aina yao kwa vizazi kadhaa, yenye viongozi, michango, ushindani, na gharama zilizowatia watu madeni.

Mji wa Kale haufiki kilomita moja ya mraba, lakini haujawahi kuwa mji wa watu wa namna moja. Waswahili wa Mombasa walijihesabu kuwa Thenashara Taifa, na taifa hizo kumi na mbili ziligawanyika pande mbili. Upande mmoja ni Thalatha Taifa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Upande wa pili ni Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Pande hizi zilishindana katika siasa, katika ngoma na katika karamu. Kwa hiyo harusi ya kijana mmoja ilikuwa pia heshima ya upande wake. Akitolewa kinyonge, aibu haikuwa ya babake tu.

Waliobeba kazi ya kumtoa walikuwa wenzake wa baraza. Baraza la Mombasa ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali ambapo wanaume hukaa baada ya sala ya alasiri na baada ya isha, wakazungumza hadi usiku. Vijana waliosoma chuo kimoja cha Kurani na kuogelea pamoja bandari ya kale waliishia kukaa baraza moja. Mmoja wao akiposa, baraza zima hugeuka kamati. Kuna wa kwenda kualika nyumba kwa nyumba, wa kutafuta wapiga ngoma, wa kusimamia masinia ya wali, na kuna mpambe, yule rafiki wa karibu kabisa, ambaye hamwachi bwana harusi hadi mlangoni kwa wakwe.

Maandishi ya zamani kuhusu harusi za pwani si haba. Askofu Edward Steere, aliyekusanya hadithi na nyimbo huko Unguja na kuzichapisha 1870, alielezea gungu, ngoma ya usiku ya watu wenye heshima, akitaja namna zake mbili: gungu la kufunda na gungu la kukwaa. Mwaka 1903 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alipochapishiwa maelezo ya desturi za Waswahili huko Ujerumani, alieleza malipo ya harusi kinaganaga: mkaja wa mama, kilemba cha baba, kifungua mlango, kipa mkono. Mtoro aliandika habari za Mrima, pwani ya kwao, si za Mvita, lakini mzee yeyote wa Mombasa angeyatambua mengi katika orodha ile. Inaonyesha kwamba bwana harusi wa pwani alikuwa mtu wa kutoa fedha kila hatua. Alilipa ili mlango ufunguliwe. Alilipa tena ili mke akubali kumpa mkono. Kijana aliyekwenda bila wenzake, tena na mfuko mtupu, angekwama kizingitini.

Basi wenzake walianza mapema kumtayarisha, na jambo la kwanza lilikuwa nywele.

Kunyolewa kwa bwana harusi kulikuwa shughuli ya hadharani. Aliketishwa kwenye kiti, akafunikwa nguo, na kinyozi akafanya kazi yake polepole huku ngoma ikipigwa. Jamaa na marafiki walipita mmoja mmoja wakimtunza kwa fedha, na kinyozi naye hakuondoka mikono mitupu. Lamu desturi hii ingali hai, na anayetaka kuiona vizuri hana budi kwenda huko. Maana yake ilieleweka bila kuelezwa. Yule kijana aliyekuwa akikaa barazani na kofia yake upande anaondolewa, na mbele ya macho ya watu wote anatengenezwa mtu mwingine. Baada ya hapo ni kuoga, kutiwa udi na marashi, na kuvishwa: kanzu nyeupe, joho, kilemba, na kwa wenye uwezo jambia kiunoni au upanga mkononi.

Lakini kama kuna kitu kimoja kilichoubeba usiku wa wanaume, ni kirumbizi.

Kirumbizi ni mchezo wa fimbo. Watu hufanya duara. Ngoma hupigwa, na juu yake hulia zumari, ala ya mbao yenye sauti kali ambayo mtu huisikia mitaa miwili mbali na kujua kwamba kuna harusi. Wanaume wawili huingia uwanjani, kila mmoja na fimbo yake. Huzunguka, hutishana, huvizia. Mmoja anashambulia, mwenziwe anakinga, na mlio wa fimbo kwa fimbo lazima uende na ngoma. Anayepiga nje ya mdundo huonekana mara moja kuwa hajui. Hakuna anayetaka kuumiza. Ustadi ni kumfikia mwenzako pale ambapo ungeweza kumpiga kweli, kisha ukauzuia mkono. Mmoja akichoka au akizidiwa, humkabidhi mwingine fimbo, na mchezo unaendelea hivyo, kijana kwa mzee, mgeni kwa mwenyeji, hadi mpiga zumari mwenyewe aombe maji.

Thamani ya kirumbizi ni kwamba kiliwaweka watu wa umri tofauti katika duara moja. Mjomba wa miaka 60 angeweza kumtoa jasho mpwa wake wa miaka 20, na mpwa akacheka, na watu wakashangilia. Watu wa upande wa bibi harusi waliruhusiwa kuingia pia, na watu ambao kesho wangekuwa shemeji walipimana nguvu na adabu usiku ule. Mtu akipandwa na hasira, ilijulikana mapema. Ni vigumu kufikiria njia bora zaidi ya kuzikutanisha koo mbili kabla hazijakaa kwenye sinia moja.

Kisha ikaja safari yenyewe. Taa za karabai zilitangulia, kwingine matwari yalipigwa na kasida zikaimbwa, na msafara ukajipinda kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ambamo watu watatu wakitembea sambamba wamejaza njia. Wanawake walichungulia kutoka ghorofani na kupiga vigelegele. Nyumba ya wakwe ikifikiwa, wenzake wa baraza walisimama. Mlangoni palikuwa na kungwi, mwanamke mzoefu aliyemfunda bibi harusi, na yeye ndiye aliyedai kifungua mlango. Hapo marafiki walirudi. Bwana harusi aliingia, na kwa siku saba za fungate hakuonekana barazani.

Isisahaulike kwamba fahari hii yote iliegemea migongo ya watu. Hadi utumwa ulipofutwa kisheria kwenye ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi wa waliopika, waliobeba maji na waliopiga ngoma katika harusi za waungwana walikuwa watumwa, na ukungwi ulikuwa mara nyingi kazi ya wanawake wa asili hiyo. Kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel cha mwaka 1989, kilichonakili maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, kinaliweka wazi jambo hili. Bi Kaje wa Mwenye Matano, mwungwana, na Bi Mishi wa Abdala, kungwi mwenye asili ya utumwa, wanazungumzia harusi za mji ule ule, lakini mmoja amezitazama akiwa ndani ya chumba na mwingine akiwa na kazi ya kufanya. Anayeandika historia ya sherehe za Mombasa akaiacha sehemu hii, ameandika nusu tu.

Baada ya 1907 kazi ile ilipaswa kulipwa au kuchangiwa. Wakati huohuo reli iliyoanza kujengwa 1896, na bandari ya Kilindini iliyokua pamoja nayo, zilileta mishahara, wageni na mitindo mipya. Vijana wakaunda vyama. Kwenye ngoma ya beni walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakapiga baragumu na kuandamana barabarani mithili ya bendi za askari wa Kiingereza. Mombasa ilikuwa na makundi kama Kingi na Scotchi, na wanawake walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama. Baadaye Ibinaal Watan na Banu Saada vilipata jina kubwa. Chama kilikuwa na mweka hazina na ada. Mwanachama akioa, chama kilimjia na ngoma, na chama pinzani kilisikia na kujibu kwa kishindo kikubwa zaidi harusi yake ilipofika. Mweka hazina wa leo anayekumbusha kundi la WhatsApp kwamba kuna watu bado hawajatuma, ana watangulizi wake hapo.

Ushindani huo ulikula mali. Ng'ombe walichinjwa si kwa sababu wageni walikuwa na njaa bali kwa sababu upande wa pili ulichinja wiki iliyopita. Aliyesimama kulisema hilo kwa sauti ya juu ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Katika gazeti lake Al-Islah, lililoanza 1932, aliwakemea Waislamu wa pwani kwa israfu, kwa ngoma na kwa kuiga mambo ya Wazungu yasiyo na faida huku wakiiacha elimu. Alikuwa na haki. Nyumba iliyowekwa rehani kwa ajili ya karamu ya siku moja ni hasara ambayo wajukuu huilipa. Hata hivyo, ukali wa maneno hayo, na ya waliomfuata, haukubagua kati ya israfu na mchezo. Kirumbizi hakikuwa na gharama kubwa. Fimbo hazinunuliwi kwa mkopo.

Kufikia miaka ya 1950 usiku wa wanaume ulikuwa umeanza kutawaliwa na kitu kingine: taarab. Kwa miaka thelathini hivi, harusi ya Mji wa Kale bila mwimbaji ilionekana imepungua. Barabara ilifungwa, mikeka na viti vikapangwa, taa za umeme zikatundikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, aliimba kwa mahadhi yaliyofuata filamu za Kihindi, na mashairi yake mengi yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, yule ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilitoka 1971. Zein l'Abdin wa Lamu alikuja na ala ya udi na tungo za zamani za kaskazini. Matano Juma alikuwa na kinanda chake, Maulidi Juma na kundi lake waliwachangamsha watu, na Zuhura Swaleh akawaonyesha kwamba sauti ya mwanamke yaweza kuubeba usiku mzima.

Taarab ya Mombasa haikuwa muziki wa ukumbini wenye tiketi. Ilikuwa muziki wa harusi, na aliyelipa ni mwenye harusi. Mtu aliyeguswa na beti fulani aliinuka, akaenda mbele kwa mwendo wa madaha na kumtunza mwimbaji noti huku wenzake wakijaribu kukisia ujumbe ule amemkusudia nani. Bwana harusi naye alipata nafasi ya kusikia, kwa maneno ya mshairi, yale ambayo babake asingeweza kumwambia ana kwa ana kuhusu mapenzi, subira na usaliti. Mafundi wa redio waliweka mashine zao karibu na jukwaa. Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale, lilisambaza kanda za maonyesho hayo, hivi kwamba harusi ya mtu mmoja wa mtaa wa Kibokoni ingeweza kusikilizwa Dar es Salaam na Muscat miezi michache baadaye, vigelegele na yote.

Kwa nini usiku huu wa wanaume ukaisha? Sababu ziko nyingi na hazina uzito sawa. Mafundisho ya dini tangu miaka ya 1970 yaliwafanya wengi wayaonee haya mambo ya ngoma na kuelekea kwenye kasida na maulidi. Magari yalijaa, na kufunga njia kukawa taabu. Familia za Mji wa Kale zilihamia Nyali, Kizingo na Bamburi, kwa hiyo safari ya usiku kwa miguu ikakosa maana: nani atatembea na zumari kutoka Bamburi hadi Kibokoni? Waimbaji wenyewe wakazeeka. Juma Bhalo alifariki 2014, Zein l'Abdin 2016. Lakini sababu kubwa kuliko zote, na hii husemwa kwa nadra, ni kwamba bwana harusi aliacha kuhama. Siku hizi mwanamume hupanga nyumba na kumleta mke. Hakuna wa kutolewa, hakuna mlango wa kulipia, na baraza halina tena wa kumsindikiza.

Upande wa wanawake haukuporomoka hivyo. Bibi harusi wa Mombasa bado husingwa, bado hutiwa hina, bado ana kesha lake na siku zake kadhaa za ndani. Mwanamume amebakiwa na nikaha msikitini baada ya isha, halua, kahawa chungu, picha, na watu wamekwisha kutawanyika kabla ya saa nne ya usiku. Pengo lililobaki ndilo lililojazwa na wikendi ya Diani. Vijana hawakuiga ya wageni kwa sababu hawana adabu. Walikuta usiku wao mtupu wakautafutia kitu cha kuujaza.

Wikendi hiyo yenyewe haina ubaya wowote. Marafiki kuchangishana ili mwenzao afurahi ni jambo ambalo wazee wa baraza wangelitambua mara moja. Kasoro yake ni kwamba huwaacha nje wengine wote. Baba hayupo, mjomba hayupo, shemeji mtarajiwa hayupo, jirani aliyemwona kijana akikua hayupo. Ni rika moja likijiburudisha mbali na mji. Kirumbizi kilifanya kinyume chake kabisa: kilimleta kapera katikati ya mtaa wake, kila mtu akamwona, kila mtu akawa na fimbo ya kushika.

Na kirumbizi hakijafa. Huchezwa Lamu kwenye harusi, maulidi na tamasha la utamaduni la kila mwaka, na wako wanaume wanaokijua. Kinachokosekana Mombasa ni wa kukiita. Basi wewe uliyepewa jukumu la kumwandalia rafiki yako wikendi kisiwani, tenga jioni moja kabla ya mashua na ufuo. Nenda kwa wazee wa mtaa wake, uombe ruhusa na uwanja. Mtafute mpiga zumari na wapiga ngoma mapema, uwalipe haki yao yote, na uwaandalie chakula. Waalike wajomba na upande wa pili pia. Chagua saa isiyoingiliana na adhana, na usilete kileo mahali penye misikiti pande zote. Mpe babake bwana harusi fimbo ya kwanza.